Hita ya Injini ya Mtani Wangu

Watu wa London hawajui baridi. Nasema hivyo kama mzaliwa wa Mafinga, ambako mwezi wa Julai maji ya kunawa uso lazima kwanza uyagonge kwa kisigino, na ng'ombe akikamuliwa alfajiri maziwa yanatoka yakitetemeka. Hapa joto likishuka nyuzi mbili chini ya sifuri, treni zinasimama, shule zinafungwa, na mtangazaji wa redio anaongea kwa sauti ya msibani. Nawaona kituoni Thornton Heath wamejifunika mpaka pua, nawahurumia kidogo, kisha nawadharau sana.

Lakini kati ya wote niliowahi kuwadharau kwa ajili ya baridi, hakuna aliyemfikia mtani wangu, Mngoni wa Songea, mwenye basi dogo la dizeli la viti kumi na sita.

Mimi ni Mhehe. Babu zake na babu zangu walipigana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia sisi wajukuu urithi wa kutukanana bila mtu kununa. Miaka kumi na moja tunakaa mitaa miwili mbali, na sidhani kama tumewahi kusalimiana kama binadamu wa kawaida. Akinipigia simu anauliza kama mbwa wa jirani zangu bado wako hai, maana Wahehe tunasemwa tunakula mbwa. Nami namuuliza kama miguu imepoa, maana ukoo wake ulitembea kutoka Afrika Kusini mpaka Ruvuma, safari yote ile kwa kukosa mtu mmoja anayejua kuwasha chombo. Nilipopata habari ya kufiwa na mama, na watu wamejaa sebuleni kwangu kunipa pole, aliingia akalala chali katikati ya zulia akasema haondoki mpaka apewe koti langu jipya kama fidia ya usumbufu. Watu wakacheka huku wanafuta machozi. Utani wenyewe siudharau hata kidogo. Ninachodharau ni akili yake kuhusu dizeli.

Kazi yake ni kubeba wazee. Kila asubuhi ya siku ya kazi anapita nyumba nane, anapakia wazee tisa wenye magongo na vigari vya kusukuma, anawapeleka kwenye kituo cha mchana wanakokunywa chai, kucheza domino na kupimwa presha. Wa kwanza anachukuliwa saa moja na nusu. Majira ya baridi yaliyopita alichelewa mara mbili kwa kuwa basi lilikataa kuwaka, na ofisi inayompa hiyo njia ikamwandikia barua. Barua yenyewe ilikuwa na adabu nyingi mno, ya kukushika mkono huku inakuonyesha mlango. Ilisema kwamba majira yajayo akichelewa tena hata mara moja, njia itapewa mtu mwingine.

Sasa lazima uelewe njia ile ni nini kwake. Bila ile njia, basi lile ni banda la kuku lenye usukani. Ana miaka hamsini na nane. Mgongo wake aliuacha kwenye ghala moja alikobeba maboksi kwa miaka kumi na minne, na hakuna mtu Uingereza nzima anayemngoja na kazi nyingine. Mkewe anahudumia wazee majumbani, na zamu zake zinatosha chakula tu. Njia ikiondoka, nyumba inaondoka nayo.

Unadhani mtu wa namna hiyo, baada ya barua ya namna hiyo, atamkimbilia fundi. Hapana. Yeye alikwenda dukani akanunua makopo sita ya dawa ya kupuliza.

Dawa ile ni etha. Unapuliza mdomoni mwa injini pale inapovutia hewa, unapiga stata, na injini inashtuka kama mzee aliyemwagiwa maji ya barafu kitandani. Inawaka, ndiyo. Inawaka kwa mlipuko unaoweza kuvunja pete za pistoni, na kila ukiipa inataka zaidi, mpaka inakuwa mlevi asiyeamka bila kuonjeshwa. Nilimwambia hayo. Akaniambia, "Mhehe, wewe ulisoma usiku, ndiyo maana unaona giza kila mahali."

Ni kweli nilisoma usiku. Miaka mitatu, Jumanne na Alhamisi, nikitoka kufagia maofisi naingia darasani nikiwa bado nanuka dawa ya sakafu. Darasani tulikuwa kumi na wanne, tukamaliza watano, tukapewa vyeti vya ufundi wa magari. Mwalimu wetu alikuwa mzee wa Kiskoti aliyeongea kana kwamba ana njugu mdomoni, na muhula wa kwanza wote nilielewa neno moja tu, "dizeli", lakini nililielewa vizuri. Yeye ndiye aliyetufundisha kwamba dizeli haina cheche. Petroli unaichokoza kwa cheche, inakasirika. Dizeli inawaka kwa joto la hewa iliyobanwa, basi. Hewa ikiwa baridi, na ukuta wa silinda ukiwa baridi, hilo joto linanywewa na chuma kabla mafuta hayajapata habari. Ndiyo maana kila silinda ina kijiti chake cha kupashia, sisi tunaita plagi ya moto, kinachowaka kikawa chekundu kabla hujapiga stata.

Basi la Mngoni lilikuwa na plagi za moto nne. Mbili zilikufa siku nyingi. Ya tatu aliijaribu mwenyewe kwa spana kubwa kuliko akili yake, ikakatikia ndani ya injini, na kipande kikabaki humo kama mwiba kwenye kisigino. Kukitoa ni kufungua kichwa chote cha injini. Kwa hiyo alikuwa anaendesha asubuhi za Januari kwa plagi moja, makopo ya etha na maombi ya mkewe. Nasema maombi ndiyo yaliyofanya kazi kubwa.

Kisha likaja jiko.

Mwezi wa Novemba, asubuhi ya kwanza ya sakitu, ule umande unaoganda mweupe juu ya magari, alikumbuka kwamba madereva wa malori ya magogo kwetu Mufindi walikuwa wanawasha mkaa chini ya sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, alfajiri ili oili ilainike. Kumbuka ni kwetu. Mngoni aliiba hata hilo. Lakini kule lori linasimama uwanja wazi, dereva amechuchumaa pembeni na sigara anaangalia, na lori halina plastiki hata moja isipokuwa kitana cha dereva. Yeye akachukua jiko la kuchomea nyama, akalijaza mkaa, akalisukuma chini ya basi kwenye kijia cha mbele ya nyumba, akaingia ndani kunywa uji. Bibi wa nyumba ya pili akachungulia dirishani, akaona moshi mweusi unapanda kutoka kwenye basi la wazee. Zimamoto walifika kwa dakika chache, magari mawili, taa zinazunguka, mtaa mzima nje na nguo za kulalia. Waliokoa basi lote isipokuwa kinga ya plastiki ya chini, iliyoyeyuka ikadondoka kwenye mkaa ikanuka mpaka Krismasi.

Cha ajabu, basi liliwaka. Akawahi. Jioni akanipigia kujisifu.

"Umeona? Hakuna cheti hapo."

"Nimeona," nikamwambia. "Mnakaribia kugundua moto. Karne hii hii mtafika."

Lakini nilipokata simu sikucheka sana. Desemba ilikuwa bado, Januari bado, na jiko lilishachukuliwa na zimamoto. Jumamosi iliyofuata nikaenda kwake na hita ya injini ndani ya boksi, bila kuitwa.

Hita ya injini ni kitu kidogo cha kudharaulika ukikiona mezani. Ni kama koili ya kuchemshia maji ya chai, fupi, imepindwa, na waya nyuma. Ubavuni mwa injini kuna vifuniko vya bati vilivyozibia matundu ya kiwandani. Unatoa maji ya rejeta, unang'oa kifuniko kimoja, unaingiza koili mahali pake, unakaza, unarudisha maji. Waya unautoa mbele karibu na bampa. Usiku wa baridi unauchomeka kwenye umeme wa nyumba, maji yanapata moto ndani ya injini, na asubuhi injini inaamka ikidhani iko Songea mwezi wa Novemba. Nchi za baridi ya kweli kila gari linacho. Hapa London injini nzima haikihitaji kabisa, na ningemdharau mtu anayekifunga kwenye gari jipya. Lakini injini ya Mngoni haikuwa nzima. Ilikuwa mgonjwa wa kulazwa, na mgonjwa wa kulazwa anapewa blanketi.

Nililala chini ya basi saa nne nzima, maji ya rejeta yananiingia kwenye mkono wa shati. Yeye alikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anasoma karatasi ya maelekezo kwa sauti, ukurasa wa Kijerumani.

"Hapa wanasema usifunge ukiwa mlevi," akasema.

"Wanasema pia mwenye gari asiwe Mngoni. Geuza ukurasa."

Mkewe, ambaye namwita shemeji, akaleta chai na vitumbua. Waya tuliupitisha kwenye tundu dogo la ukuta mpaka kwenye korido, hadi soketi iliyo juu ya rafu ya viatu. Soketi za huku zina swichi, kila moja na yake. Sikuifikiria ile swichi. Hilo ni kosa langu la kwanza, na nalikiri kwa moyo mkunjufu kwa sababu makosa yake ni mengi zaidi.

Ilifanya kazi kama muujiza. Usiku uliofuata uligonga nyuzi nne chini ya sifuri, na asubuhi basi liliwaka kwa mguso mmoja. Likawaka kesho yake, na keshokutwa. Wiki haijaisha, kwenye mkutano wa chama chetu cha Watanzania, Mngoni akasimama na kuwaeleza watu kuhusu "mfumo wa kupasha injini" aliouleta yeye kutokana na utafiti wake. Alisema "utafiti". Mtu aliyekuwa anapika basi kwa mkaa wiki mbili nyuma. Kuna daktari mmoja wa kweli pale, amesoma mpaka nywele zimekwisha, akawa anaitikia kwa kichwa kwa heshima.

Ni baada ya mkutano huo, nimekaa kwao tunakula, ndipo nilipoona jambo lililonitoa jasho. Chakula kimekwisha, Mngoni akainuka, akaanza kuzunguka nyumba. Akachomoa televisheni. Akachomoa birika, akachomoa mashine ya mikate, akachomoa chaja za simu, akapita kila soketi kubonyeza swichi, tak, tak, tak, kama padri anayebariki vyumba. Sebule, jiko, ngazi. Akafika korido.

"We," nikamwambia. "Hiyo ya korido unaizima?"

"Kila usiku nazima nyumba nzima."

Nilijua anatoka wapi. Wote tumetoka huko. Kwetu umeme ukikatika na kurudi unarudi na hasira, na yeye mwaka aliooa umeme ulirudi usiku ukaunguza redio na friji ya mkopo kwa pigo moja. Tangu hapo haamini ukuta wowote wenye matundu matatu. Ameishi London miaka ishirini na mbili, umeme haujakatika mara tatu, na bado analala baada ya kuichomoa nyumba kana kwamba anaifunga kwa safari. Tangu siku ya kwanza shemeji ndiye aliyekuwa akirudi na zamu ya usiku wa manane, na kwa kuwa nilimwagiza yeye aiangalie hita kila usiku, alikuwa anaiwasha tena kabla ya kulala. Mwenye basi hakujua. Alidhani hita inakumbuka joto la mchana.

Nikamwambia kwa sauti yangu ya kawaida, huku nimeshika mfupa, "Mngoni, hiyo swichi ukiizima usiku wa sakitu, njia imekwenda. Usiiguse."

"Wahehe mnataka tuungue usingizini mrithi basi."

"Nasema kweli."

"Mbwa naye husema kweli akiona mfupa."

Akacheka, nikacheka, shemeji akacheka. Na hilo ndilo tatizo la watu waliotukanana miaka kumi na moja. Sikuwa na sauti nyingine ya kumwambia. Sauti ileile niliyotumia kumwambia ana kichwa kama kibuyu ndiyo niliyotumia kumwambia asizime swichi, naye akaviweka vyote kwenye kapu moja.

Katikati ya Januari shemeji alibadilishiwa zamu, akawa analala saa tatu kama watoto, kabla mumewe hajaanza mzunguko wake wa kuzima. Na Jumatatu moja baridi ikaja ambayo hata mimi niliisalimia. Magari yote ya mtaani yalikuwa meupe kama yamepakwa chokaa. Njiwa mmoja alikuwa ameganda juu ya nguzo ya taa, au labda alikuwa amelala tu, sikubaki kuuliza.

Saa kumi na mbili kasoro simu ikalia. Nilikuwa jikoni, chai iko mezani.

"Mtani," akasema. "Basi limekufa. Njoo. Njia inaondoka."

"Pole," nikasema. "Zika, nitakuja kudai koti."

"Nakwambia njoo."

"Kwani mlikuja Ruvuma kwa basi? Tembea. Wabebe wazee mgongoni, si ndiyo kazi ya ukoo?"

Akakata. Mimi nikacheka peke yangu jikoni, nikaona nimempiga vizuri, nikaongeza chai. Nakumbuka niliongeza na tangawizi. Nilikaa nikaimalizia taratibu, nikatengeneza ya pili. Mtu huyu alishanipigia mara tano kuniambia amefariki. Mara moja alimpa simu shemeji alie.

Saa kumi na mbili na nusu ikalia tena, safari hii binti yake. Ana miaka kumi na tisa, kazaliwa hapahapa, Kiswahili anakielewa chote ila anakujibu kwa Kiingereza. Akasema kwa Kiingereza, isipokuwa neno la kwanza:

"Anko, hatanii. Amekaa kwenye ngazi ya basi hajavaa viatu. Hataki kuongea na mtu."

Nilifika saa moja kasoro dakika kumi, nimebeba kisanduku changu cha kuwashia, betri ya mkononi ya kuamshia magari. Betri alishaimaliza kwa stata. Hewa yote ilinuka etha, kopo tupu liko kwenye majani. Sikumwangalia usoni. Niliingia moja kwa moja korido, nikainama juu ya viatu, swichi iko juu, imezimwa. Nikaibonyeza.

Sasa hesabu, maana mimi nimeihesabu mara nyingi kuliko ninavyopenda. Kwa baridi ile na kisanduku cha kuwashia, hita ilihitaji saa moja na robo hivi. Ningeenda aliponipigia, tungewasha hita saa kumi na mbili na dakika tano, na basi lingekuwa barabarani saa moja na dakika ishirini. Bibi wa kwanza anakaa mitaa mitatu tu. Angewahi. Ile chai ya pili ndiyo iliyokula muda.

Injini ilishika saa mbili na dakika kumi, kwa moshi mweupe uliofunika nyumba nne. Alifika kwa bibi wa kwanza amechelewa dakika arobaini na tano. Wazee wengine walikuwa wamesimama mlangoni na makoti. Ofisi ilishapigiwa simu na watoto wa wazee watatu kabla hajafika nyumba ya pili.

Siku mbili baadaye akaja gereji ninakofanya kazi. Alikuja kwa miguu, akangoja mpaka wenzangu wameenda kula. Ofisi ilimpa wiki moja: kama kulikuwa na hitilafu ya chombo isiyo kosa lake, alete maelezo ya fundi mwenye cheti, watafikiri upya. La sivyo, mwisho wa mwezi.

"Andika hita iliungua," akasema. "Wewe una cheti. Mstari mmoja tu."

"Hita ni nzima."

"Najua ni nzima. Andika iliungua."

Hapo nilimdharau kikamilifu, si kwa mzaha. Miaka mitatu nimesinzia kwenye basi la usiku na kitabu cha silinda kifuani, huyu anazima swichi kwa kuogopa friji iliyokufa Songea, kisha anataka cheti changu kiwe kitambaa cha kufutia. Nilikuwa na maneno mazito yamefika kwenye meno. Akasema:

"Ndugu yangu, nakuomba."

Miaka kumi na moja hajawahi kuniita ndugu. Ingekuwa afadhali angenitukania mama. Niliweka spana chini, nikamwambia arudi nyumbani, nitaandika. Hakuuliza nitaandika nini.

Niliandika jioni hiyo, kwa Kiingereza cha shule ya jioni, ambacho ni kizuri kwa mambo ya injini na kibovu kwa mambo ya watu. Nikaandika kwamba plagi tatu za moto ni mbovu na gari haliwezi kuwaka kwenye sakitu bila hita. Kwamba hita ni nzima, niliifunga mimi. Kwamba swichi ya ukutani ilizimwa usiku na mwenye nyumba kwa mazoea. Na kwamba fundi aliitwa kwa wakati, akachelewa dakika hamsini na tano kwa kuwa alidhani anataniwa, na bila ucheleweshaji huo basi lingewahi. Nikatia sahihi na namba ya cheti.

Mama wa ofisi akanipigia Ijumaa. Alikuwa na sauti ya mtu aliyezoea kusoma uongo.

"Hii ni mara ya kwanza," akasema, "fundi kujiandika mwenyewe. Sielewi hapa. Ulidhani anatania. Mnatania kuhusu basi?"

"Kuhusu kila kitu. Yeye ni Mngoni, mimi ni Mhehe."

"Ni rafiki yako?"

"Hapana. Babu zetu walipigana."

Nilijaribu kumweleza. Nilimweleza msiba na koti, nilimweleza mbwa, nikaona naharibu zaidi, nikaacha. Mwishowe akauliza swali la kwanza la akili nililowahi kusikia kutoka ofisini kwao.

"Ile swichi, anaweza kuizima tena?"

"Ataizima mpaka siku ya kufa."

"Basi ifanye isizimike," akasema. "Ukishafanya, niandikie kwa sahihi hiyohiyo. Nitampa mpaka mwisho wa Machi. Akichelewa siku moja, nitakuwa nimemaliza naye, na babu zenu pia."

Jumamosi nikang'oa ile soketi ya korido, nikafunga kisanduku cheupe kisicho na swichi wala tundu, waya unaingia na kutoka, fyuzi ndani, skrubu mbili. Saa ya kujiwasha, inayoiwasha hita yenyewe kila alfajiri, nikaiweka nje, ndani ya boksi lenye kufuli, ufunguo kwa shemeji. Mngoni alinishikia tochi, akiimulika kila mahali isipokuwa ninapofanya kazi. Akapapasa kile kisanduku kama mtu anayetafuta mlango kwenye ukuta.

"Na umeme ukirudi kwa nguvu?"

"Utaunguza fyuzi ndogo hapo ndani, ya bei ya kitumbua. Nyumba haitajua."

"Na nikitaka kuuzima?"

"Toka nje na kaptula kwenye barafu, uuchomoe kwenye bampa. Nitakusikia kutoka kwangu unavyolia."

Usiku ule, shemeji aliniambia baadaye, aliamka mara mbili kwenda kukipapasa kama kina joto.

Sakitu ilirudi Jumatano. Sikulala sawasawa, na hilo linaniudhi mpaka leo. Saa kumi na mbili na nusu nilikuwa mtaani kwake na kisanduku changu cha kuwashia mkononi, sijanywa chochote. Magari yote yalikuwa meupe. Basi nalo lilikuwa jeupe, isipokuwa pale mbele, juu ya injini, ambapo boneti ilikuwa imelowa maji.

Alitoka saa moja na dakika tano, kofia imemfika kwenye nyusi. Akanipita bila salamu, akapanda, akafunga mlango. Nilisikia stata inazunguka mara moja, mara mbili, na injini ikashika ikatulia kama paka mwenye shibe. Akashusha kioo.

"Umetumwa na nani?"

"Nimekuja kuona Mngoni anavyopoteza kazi. Nimetoka bure."

"Panda uwafunge wazee mikanda. Angalau mikono yako ijue kazi ya mchana."

Nikapanda. Saa moja na dakika kumi na nane tulikuwa mlangoni kwa bibi wa kwanza, Mjamaika mwenye miaka tisini na gongo lenye uzito wa shoka. Mngoni akashuka, akabonyeza kengele, akasimama wima kama askari wa gwaride. Bibi akafungua na kikombe mkononi. Akamtazama yeye, akanitazama mimi dirishani, akaitazama saa ya ukutani nyuma yake. Akasema ni mapema, hajamaliza chai yake, na kama tumezoea kuchelewa basi tungoje. Akatufungia mlango.

Tukangoja. Mngoni hakuzima injini.